Sanduku la Spea Chini ya Kitanda

Hapana, Rukia, sikuwa mtoto. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, leseni ya kuendesha gari ilikuwa mfukoni mwangu, na nilijua vizuri tofauti ya kuangalia kitu na kusema nimekiangalia. Jana, baada ya dua ya arobaini ya mama yako, ulinisikiliza mpaka mwisho, halafu ukaniambia niache. Mama ameshakwenda, ukasema, mzee ameshazeeka, gari inatembea, sasa unataka kuamsha nini? Ukasema pia nikienda kumwambia nitakuwa najitua mzigo mimi, si yeye. Hilo la mwisho limenikaa kooni tangu jana. Labda ni kweli. Lakini Mzee Okot, fundi wa gari ile, aliondoka kwenye meza ya mama yako kwa kosa langu, na Kansanga mpaka leo wapo watu wanaomwita mwizi wa spea. Naandika mwaka wote ule hapa, leo Jumapili, ili usome ukiwa umetulia huko Nairobi na usinikate maneno kila nikifungua mdomo.

Habari za wazazi wangu naziruka. Inatosha kujua nilikulia kambi ya polisi, ndiyo maana Kiswahili changu ni hiki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, na alama zangu hazikutosha serikali kunipeleka chuo. Wenzangu walienda, wakawa wanatuma picha wakiwa wamekaa kwenye nyasi na vitabu. Mimi nikapata kazi ya kumwendesha Mama Rukia. Wewe unamjua kama mama. Mimi nilimjua kama mjane mwenye meza ya viti vinane na watoto walio Nairobi, Muscat na sijui wapi tena, aliyekuwa anauza iliki, mdalasini na binzari soko la Nakasero hapa Kampala, na aliyeachiwa na marehemu mumewe gari ndogo nyeupe ya Kijapani asiyojua kuiendesha. Alinipa chumba cha uani, nyumbani kwake Kansanga. Kilikuwa na kitanda, birika la umeme, na dirisha moja lililotazama dirisha la jikoni kwake. Jioni yeye akiwa jikoni na mimi chumbani tulikuwa tunaonana, kila mtu na kikombe chake cha chai, na wala hakuna aliyemwita mwenzake. Sasa nikiwaza, zilikuwa hatua kumi tu. Kwenye daftari langu la mwaka ule nimekuta nimeandika, "Leo sijaongea na mtu tangu saa tano asubuhi." Halafu kesho yake, "Vilevile."

Ijumaa ndiyo siku ilikuwa na sauti. Mama Rukia alikuwa hafungui duka Ijumaa. Alikuwa anapika pilau tangu asubuhi, harufu inafika mpaka barabarani, na saa saba na nusu mchana Mzee Okot anabisha geti. Alikuwa fundi wa gari ile tangu marehemu yuko hai. Alijifunza ufundi jeshini, mtu wa kaskazini kama mimi, Mkristo, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na mfuko wa karanga ambao hakuna siku niliona umeisha. Anaangalia gari kwanza, nusu saa, halafu ananawa mikono kwa sabuni ya unga kwenye bomba la uani na kuingia kula. Sahani zilikuwa tatu. Mimi nilikaa upande wa mlango. Wao walibishana.

"Akello, huyu mzee usimfuate Kiswahili chake," Mama Rukia alikuwa ananiambia. "Eti 'gari yako nakula mafuta mingi.' Nani nakula? Sema inakula, baba."

"Mama Rukia, hii Kiswahili nimeongea na majenerali, wakanielewa."

"Walikuwa wanaogopa kukucheka. Wewe ndiye unashika breki zao."

Yeye anacheka mpaka karanga zinamtoka. Mama Rukia hacheki, lakini anamwongezea nyama. Nilikuwa naona hivyo vitu vidogo kwa sababu sikuwa na vingine vya kuona.

Sasa lile sanduku. Unajua kwamba huku kwetu mtu akipeleka gari kwa fundi anaogopa kitu kimoja kuliko vyote: kwamba fundi atatoa spea orijino, aweke feki, na orijino aende kuiuza kwa wauza spea wa Kisenyi. Kwa hiyo fundi mwaminifu akibadilisha kitu, kile cha zamani anakurudishia mkononi. Mzee Okot alikuwa harudishi tu, alikuwa anakabidhi. Plagi nne, filta, mkanda uliokatika, anavifuta mafuta kwa kitambaa, anamwekea Mama Rukia kwenye viganja viwili kama mtu anampa kifaranga. "Hii ilikuwa ya mzee," anasema, maana yake marehemu. Na mama yako hakuvitupa. Alivifunga kwenye gazeti, akaandika kwa kalamu, akaweka ndani ya sanduku lako la bati la shule chini ya kitanda. Nililiona siku moja nikimsaidia kufagia. Nikamuuliza, Mama, hivi vyuma vya nini? Akaniambia, "Gari imebadilishwa vitu vingi, mwanangu. Siku moja nitaona ile aliyoendesha mume wangu iko hapa chini, na ile iko nje ni nyingine." Hakusema kwa huzuni. Alisema kama anavyosema bei ya iliki.

Mzee Okot ndiye alianza kunifundisha. Hakuniuliza kama nataka. Siku moja akanipa bisibisi akasema, "Shika. Mikono yako inakaa bure." Akanionyesha kwamba injini ni kama mtu: lazima ile, ivute pumzi, na iwe na moto. Mafuta, hewa, moto. Ikikosa moja, inachoka. Na ile taa ya njano ya dashibodi, alama ya injini, hiyo haikuambii ugonjwa ni nini, inakuambia tu kuna mgonjwa. Alinionyesha sanduku jeusi la plastiki lenye filta ya hewa, na klipu zake nne. "Ukitaka kujua pumzi, fungua hizi nne, angalia na macho. Usiulize mtu." Nilikuwa nasikiliza huku nikichezesha mguu. Nilikuwa mtu wa haraka, hata sasa. Kitu nikishakielewa nataka kingine.

Ilipokaribia Idi nilitaka kumfurahisha Mama Rukia. Nikapeleka gari kwenye sehemu ya kuosha magari pale Kabalagala, na nikawaambia waoshe mpaka injini. Yule wa kuosha aliniangalia. "Nnyabo, dada, injini maji yakiingia pua yake, inakufa. Funga kwanza." Akanipa kaveera nyeusi, ile mifuko ya plastiki laini ya sokoni, nami nikaisukuma kwenye mdomo wa bomba linalovuta hewa, nikafunga mwenyewe, nikijiona fundi. Walipomaliza, injini inang'aa, wingu la mvua likawa limeshafika juu ya kilima cha Muyenga, watu wanakimbia na taulo zao. Niliwapa hela yao, nikateremsha boneti, nikaondoka. Kaveera nikaiacha palepale.

Ningeipata siku ileile kama ingezima gari. Haikuzima. Barabara tambarare gari ilienda sawa, kaveera imelegea, hewa inapita pembeni. Sikukuu Mama Rukia alizunguka nayo kuwasalimia watu, akaniambia, "Leo imependeza kama bibi harusi." Siku ya tatu, tunapanda Nakasero na magunia ya binzari nyuma, nikakanyaga mafuta na gari haikuitika. Nilikanyaga mpaka chini. Ilikuwa kama kusukuma mlango uliofungwa na mtu kwa ndani. Taa ya njano ikawaka. Tulipanda kilima kile kwa mwendo wa mtu mwenye mkongojo, honi nyuma yetu, na Mama Rukia ameshika mkoba wake kifuani.

Ijumaa Mzee Okot akaja. Alikuwa na desturi yake: hafungui boneti kwanza. Anakaa kiti cha abiria, anafumba macho, anakuambia panda mlima. Tulipanda Muyenga. "Inakosa kitu," akasema. "Inachoka tu ikibebeshwa." Tuliporudi akagawa kazi. "Mimi naangalia mafuta na moto. Wewe angalia pumzi." Ilikuwa mara yake ya kwanza kunipa sehemu yangu peke yangu. Na hapa, Rukia, ndipo sitaki uniambie tena nilikuwa mtoto. Nilisimama mbele ya lile sanduku jeusi. Klipu mbili za mbele zilifunguka. Mbili za nyuma zilikuwa zimebana, karibu na ukuta wa injini, na moto ulikuwa bado mwingi, ukaniunguza kidole. Simu ikaita, mwenzangu mmoja wa shule, wa kwanza kunipigia baada ya miezi miwili. Nilitaka kupokea kabla haijakatika. Nikarudisha zile mbili za mbele. Mzee Okot, kichwa kiko chini ya gari, akauliza, "Pumzi namna gani?"

Nikasema, "Safi, mzee."

"Umeona na macho?"

"Nimeona."

Akasema, "Sawa, binti," na hakuangalia tena upande ule. Si Ijumaa ile, si iliyofuata. Hilo la kaveera ni usahaulifu, kila mtu anasahau. Hili si la kusahau. Mimi nilipokea simu, tukaongea dakika nne kuhusu mvulana wake, na hakunipigia tena mwaka ule wote.

Mzee akabadilisha plagi. Akazikabidhi zile za zamani. Siku mbili taa ikazima, halafu ikarudi. Akabadilisha filta ya mafuta. Akaikabidhi. Taa ikarudi. Nilimwona anazunguka gari, anakaa kwenye tofali, anasimama. Alikonda kidogo, au mimi ndiye nilimwona hivyo. Akaniuliza tena, kwa upole, "Akello, hakuna kitu mmegusa kabla?" Nikasema tumeiosha tu. "Injini?" Nikasema, "Nje." Neno lilitoka lenyewe, na likishatoka, la kwanza na la pili yakashikana mikono. Ningerudisha lipi? Nilikuwa bado sijui kwamba ni ile kaveera. Naapa sikujua. Lakini nilikuwa sitaki kujua, na sijui kama kuna tofauti.

Sokoni watu walikuwa wanamwambia Mama Rukia lao. Nilisikia nikiwa nimesimama nyuma na magunia. Hajati mmoja mwenye duka jirani na nyumbani kwetu Kansanga, mdomo wake haujawahi kupumzika, alikuja kununua mdalasini akamwambia, "Dada, wewe unashangaa nini? Fundi akishakuwa mtu wa nyumbani ndiyo anakula vizuri. Ametoa orijino za marehemu zote, amekuwekea za kuokota. Mafundi hawa wanafungua boneti, wanachukua maini, wanakuachia utumbo." Mama Rukia akasema, "Fundi huyu? La." Lakini siku ile tulikwama kabisa kwenye kilima, mchana wa jua, mbele ya hoteli, askari wa barabarani akamfokea, mtu mzima kama yule, na vijana wa boda wakasukuma gari huku wakiimba.

Ijumaa alipika kama kawaida. Mzee Okot alikuwa ameshakula nusu ya sahani.

"Fundi," akamwambia, "nataka kukuuliza, na uniambie ukweli mbele ya chakula. Vitu vya mume wangu umepeleka wapi?"

Mzee akadhani ni mzaha. "Mama, viko chini ya kitanda yako."

"Vile ni vibovu. Vizima nauliza. Gari ilikuwa inapanda. Sasa haipandi. Aliyeshika ni wewe peke yako."

Alisema wewe peke yako. Mimi nilikuwa nimekaa pale, kijiko mkononi. Mzee Okot aliniangalia. Hakuniangalia kwa kunishtaki, aliniangalia kama mtu anayetafuta mwingine wa kusema naye. Nikaangalia wali. Akaweka kijiko taratibu, pembeni ya sahani, akasema, "Asante kwa chakula, Mama Rukia. Miaka yote." Akachukua mfuko wake wa karanga. Geti likafungwa bila kelele. Mama yako alikaa pale mpaka nyama ikaganda mafuta, halafu akaniambia kwa ukali nitoe sahani ile mbele yake.

Jumamosi asubuhi nilifungua klipu zote nne. Sijui kwa nini siku ile. Labda kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuniuliza. Zile za nyuma zilichukua dakika mbili. Mbili, Rukia. Kaveera ilikuwa imevutwa mpaka ndani, imelala juu ya filta, imejikunja vizuri, nyeusi, na matone ya maji bado chini yake. Nikaitoa. Nikaichoma na takataka nyuma ya nyumba, na moshi wake ulinuka mpaka adhuhuri. Nikachomoa waya wa betri, nikasubiri, nikarudisha. Taa ikazima. Nikapanda Muyenga peke yangu na gari ikaruka kama imetolewa kamba shingoni, na nililia pale juu, kwa furaha ya gari kwanza, halafu kwa lile lingine.

Nilirudi kumwambia. Naapa nilirudi na maneno mdomoni. Lakini yeye alikuwa amesimama getini, amesikia mlio wa injini kutoka mbali. "Imepona? Nani kaiponya? Wewe?" Na akacheka, Rukia. Sikuwahi kumwona anacheka. Akanishika mashavu na mikono yenye harufu ya mdalasini. Hakuna mtu aliyenishika uso mwaka ule. Nikasema, "Mimi, Mama." Akanyoosha viganja viwili. "Haya, nipe cha zamani."

Sikuwa nacho. Nikasema kiko kwenye gari, nikatoka nje ya geti. Pale stendi ya boda kijana mmoja alikuwa ametoka kubadilisha plagi ya pikipiki yake na ile mbovu iko chini kwenye vumbi. Nikaiokota, nikaifuta kwa kitambaa kama alivyokuwa anafanya mzee, nikamwekea viganjani. Aliifunga kwenye gazeti. Daftari langu siku ile linasema, "Gari imepona. Leo nimekula sahani mbili." Hata daftari nililidanganya.

Yaliyobaki unayajua, kwa sababu mama yako aliyatangaza kila simu. Binti wa kambini amewashinda mafundi wa mjini. Alinipeleka kusomea ufundi kwa ajili ya siku ile. Leo nina mashine ya kusoma kompyuta ya gari, naichomeka chini ya usukani, inaniambia namba ya ugonjwa, na watu wa Kansanga wananiletea magari ambayo zamani walimpelekea Mzee Okot. Unachokijua kidogo ni zile Ijumaa zilizofuata. Alikuwa anatoa sahani tatu kabatini. Nilimwona kupitia lile dirisha langu. Anatoa tatu, anasimama, anarudisha moja, na redio anaiongeza sauti. Mara moja nilimsikia anaiambia redio, "Sema inakula, baba." Tulikula wawili, na tulikuwa na mengi ya kusemeshana sasa maana alinipenda, lakini kila nilipofungua mdomo lile neno lilikuwa la kwanza kwenye foleni, na kwa kuwa sikulitoa, hata mengine hayakupita. Usiniambie nilikuwa na mama yako. Nilikuwa naye, na sijawahi kuwa peke yangu kama kwenye meza ile.

Mara mbili nilikwenda mpaka Katwe, kwenye kibanda alichohamia. Nilimwona ng'ambo ya barabara, anafuta kitu kwa kitambaa, anamkabidhi mtu. Mara zote mbili nilirudi.

Jana hukuona, ulikuwa unagawa halua. Ulikuwa umevuta lile sanduku sebuleni, ukamwambia Mzee Okot, "Mzee, hivi ni vyako, angalia kama unataka." Alikuja arobaini bila kualikwa, akakaa karibu na viatu. Alifungua kimoja kimoja, anasoma mwandiko wa mama yako, anakifunga. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na birika la chai. Akafika kwenye ile yangu. Gazeti limeandikwa: "Akello aliponya gari." Akaitoa. Fundi hahitaji macho kujua plagi ya pikipiki, uzito tu unamwambia. Aliizungusha kwenye vidole, mara moja, mara mbili. Akainua uso akaniangalia vilevile kama siku ile mezani.

"Gari inapanda mlima?" akaniuliza.

"Inapanda, mzee."

"Vizuri." Akaifunga tena kwenye gazeti lake, akalikunja pale pale lilipokuwa limekunjwa, akairudisha chini kabisa, chini ya plagi zake yeye. Akanywa chai yake, akatafuta viatu.

Kwa hiyo usiniambie nitamwamsha. Yuko macho siku nyingi, anasubiri tu niseme. Na ule ufunguo ulionipa jana, ukasema mama ameacha neno kwamba gari ni ya aliyeiponya, upo hapa juu ya daftari.

Kesho asubuhi, saa moja, kabla sijafungua gereji yangu, nitaweka sanduku la bati kiti cha nyuma na kwenda Katwe. Safari hii nitavuka barabara. Nitamwomba akae kiti cha mbele, afumbe macho, nami nitaipandisha gari Muyenga mpaka juu kabisa. Nitazima injini pale. Nitafungua boneti na klipu zote nne, moto ukiniunguza uniunguze, na nitamwonyesha kwa kidole mahali ilipokuwa. Halafu, akikubali kubaki ndani ya gari, tutateremka Kansanga mchana, vioo vyote wazi, na nitasimama dukani kwa yule Hajati kwanza.